Mshenga Aliyenipeleka Kisiwani

Mwaka 1969 nilikuwa na miaka kumi, na huo ndio mwaka shida iliponishika mkono ikaniambia twende. Baba aliugua kwenye shamba la mkonge, akalala, hakuamka. Mimi nikaacha darasa la tatu katikati, nikaenda kuanika katani pamoja na watu wazima. Tangu siku hiyo sijapumzika vizuri. Sisemi hivi ili mtu anililie. Nasema ili ujue anayekusimulia ni nani: mtu asiye na cheti hata kimoja, aliyesafisha ndege Hounslow, huku Landani, mpaka akawa na kampuni yake ya usafi na wanawake wa kuwaamrisha. Kwa hiyo nikimsifu mtu, hakunihonga. Na nikimlaumu, nimemlaumu nikiwa nimechoka lakini na akili zangu.

Mtu mwenyewe tulimwita Mshenga. Jina alikuwa nalo, maana alikuwa na pasi kama watu wengine, lakini watu wetu wa Landani hawakulitumia. Kijana akimwona binti, wazazi walisema, "Mtafuteni Mshenga." Yeye ndiye aliyepeleka posa kwa wakwe, akasema maneno, akarudi na jibu. Watanzania walimwita, Wakenya walimwita, hata Wakongo wa kaskazini ya jiji walimwita wakalalamika kwamba Kiswahili chake kina maringo.

Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, na marashi yake yalifika kabla yake. Koti lake lilikuwa la bluu lenye vifungo vya shaba, na vile vifungo alivisugua kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Kazi yake ilikuwa dereva wa basi. Aliendesha basi mpaka akastaafu, na kila alipoingia kwenye nyumba ya posa alitazama kwanza nani amekaa wapi, kama anayekagua abiria kwenye kioo. Halafu anasema, "Wewe kijana, hamia kule." Hakueleza kwa nini. Watu walihama.

Alikuwa na masharti, na masharti yake yalichosha. Posa haiendi kwa simu. Posa haisemwi kwa Kiingereza, hata kama wote waliokaa pale wanakijua, kwa sababu Kiingereza, alisema, ni lugha ya kazini na ya kaunsili, ofisi za serikali ya mtaa. Bwana harusi hafungui mdomo. Na wajumbe wa posa hawali kitu wala kunywa kitu mpaka neno lao lijibiwe. Hilo la mwisho ndilo alilolishika kama dini ya pili. "Ukishakula chumvi ya mtu kabla hajakujibu," alisema, "akikukatalia utabishana naye kwa mdomo upi?"

Kuna familia moja ya Wakenya, Stratford, iliyopata kumjua vizuri. Mshenga yuko katikati ya maneno, kijana akaropoka kwamba yeye ana kazi nzuri benki. Mshenga akainuka. Akachukua koti.

"Mzee, unaenda wapi?" baba wa binti akauliza.

"Nyumbani. Kumbe kijana ana mdomo. Ninyi mliniita wa nini?"

Akatoka kweli. Wakamkimbilia mpaka kituoni, basi likaja, akapanda. Baba wa binti naye akapanda, na viatu vya nyumbani miguuni, na mjomba wa kijana nyuma yake. Posa ile iliendelea ghorofani ndani ya basi, na kabla hawajafika Ilford binti alikuwa ameshatolewa. Mpaka leo ile ndoa ipo. Mshenga akisimulia alikuwa anasema, "Na nauli nilijilipia mwenyewe," kana kwamba hilo ndilo la ajabu.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa bahili wa chai, majani ya kikombe kimoja anawanywesha wageni wawili. Hakujua kusifu. Mimi aliniita "mwanamke wa sauti", na sikupata kujua kama ni heshima au ni kejeli. Aliunganisha watu na mwenyewe aliishi peke yake. Mkewe alimwacha zamani, akahamia kwa dada yake, akasema nyumbani kwa yule mtu maneno yamejaa mpaka hakuna pa kuweka kiti. Siku moja nilimuuliza kwa ubishi wangu, "Mshenga, wewe unaozesha watu, mbona yako ilikushinda?"

"Kwani kinyozi anajinyoa mwenyewe kisogo?"

"Kinyozi anakwenda kwa kinyozi mwenzake."

"Nionyeshe mwenzangu, Mama Elia. Nionyeshe."

Sikuwa naye wa kumwonyesha. Na ni kweli pia kwamba ukishafunga ndoa kwa mkono wake hakukutupa. Mwaka mmoja wa baridi kali niliwahi kumwona kwenye basi amepakata hita yake ya umeme kama mtoto, anawapelekea maharusi ambao nyumba yao ilikuwa imekosa moto. Mwislamu wa Pangani, swala haimpiti, na nusu ya ndoa alizofunga ziliishia makanisani. Alikaa benchi la nyuma na kofia yake, akisikiliza, na mchungaji akirefusha mahubiri alitazama saa kama dereva.

Sasa nifike kwa mwanangu.

Elia ni mwanangu wa pekee. Anapiga watu picha za mifupa hospitalini. Akaniletea binti, Marta, nesi wa hukohuko hospitalini kwao. Mtoto mzuri, mchapakazi, hana makuu. Nikamuuliza kwao wapi. Kwao ni kisiwa kidogo cha Kroatia, kijiji kimoja, mama alishafariki, baba yupo, na yeye ndiye mtoto pekee.

"Basi tutakwenda kuposa," nikasema.

"Mama, kule hawana posa."

"Wawe nayo wasiwe nayo, sisi tunayo."

"Mama, plizi."

"Sijachukua kitu cha mtu kwa mlango wa nyuma tangu nizaliwe. Sianzi na mtoto wa watu."

Nikampigia Mshenga. Alikuwa hajatoka Uingereza ila kwenda Tanga na kurudi. Akauliza swali moja tu: "Baba yupo hai?" Yupo. "Basi twende."

Tukapanda ndege, tukapanda feri. Ndani ya feri Mshenga alisimama karibu na injini safari nzima, akasema panamkumbusha gereji. Tukashuka, tukaenda kwa gari kati ya mizeituni na kuta za mawe, mawe juu ya mawe, mpaka nikachoka kuyatazama. Kijiji kikatokea ghafla chini, nyumba za rangi ya biskuti zimebanana kandokando ya maji membamba. Na juu ya nyumba kuna jengo kubwa.

"Lile gereza?" nikamuuliza Marta.

"Ni kanisa letu, Mama."

Nimesafisha majengo ya kila namna, na jicho langu huwahi madirisha. Lile halikuwa na la kusafisha. Ukuta mtupu, mnene, upande mmoja umechongoka kama pua ya meli, juu una meno kama taya la mamba, na matundu ambayo Marta alisema ni ya mizinga. Zamani wavamizi walikuja kwa merikebu, wakachoma nyumba, wakachukua watu utumwani. Wanakijiji wakaona heri waligeuze kanisa liwe ngome, ili kengele ikilia waingie wote na kufunga mlango. Mshenga alilitazama muda mrefu. "Hawa," akasema, "ni watu wa kubishiwa hodi kwa adabu."

Baba Marta alitungoja uani kwake. Mzee wa mabega mapana, fundi wa kuta za mawe, na ndiye aliyeshika ufunguo wa kanisa, kwa kuwa padri wao alitoka kijiji kingine. Alikuwa ameamka alfajiri kuoka mwanakondoo chini ya kifuniko cha chuma kilichofunikwa makaa. Meza imetandikwa, mkate, mafuta yake mwenyewe, zeituni, divai. Alitukumbatia. Akavuta viti.

Mshenga hakukaa. Akaanza maneno yake kwa Kiswahili, na Elia, aliyekatazwa kufungua mdomo, ikabidi ndiye atafsiri kwa Kiingereza, na Marta atoe Kiingereza apeleke kwa baba yake. Neno liliondoka Pangani likafika likiwa limechoka kama mimi.

"Anasema tumekuja na jambo," Marta akamwambia baba yake, "na hatutakula mpaka lijibiwe."

Yule mzee akatazama kofia ya Mshenga, akajipiga paji la uso. Akasema kitu, akaondoa nyama haraka, akaingia ndani, akatoka na sahani ya samaki wa kuchoma. Alidhani ni habari ya halali. Mtu mwema. Akamwekea Mshenga samaki mbele kwa mikono miwili.

"Ahsante," Mshenga akasema. "Lakini hatuli."

Nikaona uso wa yule mzee unabadilika. Alimuuliza binti yake swali, na binti akawa mwekundu.

"Anasema," Marta akatuambia, "jambo gani? Mimi na Elia tumepanga nyumba, tunaishi pamoja mwaka wa pili huu. Kinachoombwa ni nini?"

Mshenga akageuza ile shingo yake ndefu akanitazama. Mimi nikatazama mizeituni. Nilijua. Sikumwambia, maana angekataa kuja.

"Mama Elia," akasema polepole, "umenileta kuposa mke wa mtu?"

"Ongea uliyoletwa kuongea."

Yule baba akavua aproni. Akaitupa juu ya kiti, akasema maneno machache bila kupaza sauti, akachukua ufunguo ukutani akaondoka. Marta akaanza kulia. Kwao, alisema, mgeni akikataa chakula mara mbili ametangaza uadui. Baba yake amesema hawezi kuwapa mtoto wake watu walioogopa mkate wake.

Elia alinijia karibu. Sikuwa nimewahi kuiona sura ile. "Mama," akaniambia, kwa Kiswahili, yeye aliyezoea kunijibu kwa Kiingereza tangu mdogo, "huyu mzee akikataa, Marta hataolewa bila baraka ya baba yake. Namjua. Na mimi sitaoa mwingine. Utakuwa umenimaliza wewe na mshenga wako."

Nilikaa. Nilikuwa nimefuta sakafu za dunia nzima ili mtoto huyu asikose kitu, na sasa nimemkosesha mimi, kwa adabu.

Mshenga hakuwa amesogea. Akachukua mkate mezani, akamega kipande, akakifunga kwenye leso yake. Akaniambia, "Inuka. Twende kwa mwenye nyumba. Na wewe binti, njoo, nitakuhitaji."

Mlango wa lile kanisa ni mdogo, mpaka mtu ainame, na hiyo nayo ilikuwa hila yao, anayeinama haingii na upanga juu. Mshenga akasimama nje akaita hodi. Kimya. Akaita tena. Marta akasema baba yake hajui hodi ni nini. "Anajua ni mtu," Mshenga akasema, akaita ya tatu, na ndani kikohozi kikajibu. Tukainama tukaingia.

Ndani ni baridi na giza kama ghala. Mwanga ulipita juu kwa tundu dogo. Baba Marta alikuwa amekaa benchi la mbele. Na hapo Mshenga akafanya nisilopata kumwona akifanya, si kabla wala baada. Akasema posa kwa Kiingereza. Kiingereza cha dereva, kifupi, cha kusogeza watu ndani. Alisema, kwetu anayeomba hali kwanza, ili mwenye kutoa awe huru kukataa. Hatukuogopa chakula chako. Tuliogopa kukufunga mikono nacho.

Marta akatafsiri. Baba yake akasikiliza, akainuka, akagonga ukuta kwa ngumi. Akasema, na Marta akifuatisha: "Humu walipojifungia wazee wetu, waliingia na nani? Na mgeni yeyote aliyekuwa kijijini siku hiyo. Baharia, mchuuzi, yeyote. Aliyekula nao mkate alikuwa wao. Asiyekula alitolewa nje ya mlango. Kula kwanza, ndipo nikujibu."

"Nijibu kwanza, ndipo nile."

"Kula."

"Nijibu."

Wazee wawili, kila mmoja na mila yake, wametumbuliana macho, na maisha ya mwanangu yako katikati. Mimi nilitaka kuwapiga wote wawili.

Mshenga akafungua leso. Akautia ule mkate mdomoni, wote, kipande kikubwa, mashavu yakajaa. Hakutafuna. Hakumeza. Akanyoosha kidole kimoja juu, akamtazama yule mzee, akangoja. Hana meno ya upande mmoja, mkate mkavu, machozi yanamlenga, kidole kiko juu. Yaani nimeingiza, sijameza. Sasa ni zamu yako.

Baba Marta akamtazama. Mabega yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka akashika ukuta, na kicheko chake kikazunguka juu kwenye yale mawe kikaturudia. Akasema "Da, da," ndiyo, ndiyo, na hilo halikuhitaji mtafsiri. Mshenga akameza. Nusura umkabe.

Na yule mzee alipojifuta macho akasema ana neno lake. Hana mtoto mwingine. Siku atakaposhindwa, kanisa lisikose wa kulifungua, na miti isikose wa kuichuma. Warudi wao, Elia na Marta, waishi hapa.

Mshenga hakuniuliza. Hakugeuka hata kunitazama. Akasema, "Tumekubali."

Na mimi, kwa furaha ya kuponea chupuchupu, nikapiga kigelegele ndani ya ile ngome, kirefu, mpaka njiwa wakaruka. Baba Marta alipenda mno. Tukarudi uani, na yule Mshenga akala samaki wale mpaka nikamwonea aibu.

Arusi tulifanya Landani. Wajukuu wawili wakaja. Jumapili walikuwa kwangu, wakichafua kapeti langu. Niliona nimefika. Niliona sasa nitaweka mguu juu ya kiti.

Halafu Baba Marta akaanguka akiwa kazini, akapooza upande mmoja. Kabla ya miezi kuwa mingi Elia alikuwa anafunga masanduku.

"Nani aliwaambia mwende?" nikamuuliza.

"Mama, tulikubali. Kanisani. Na wewe ulikuwepo."

Nikaenda kwa Mshenga. Wakati huo kaunsili walikuwa wamemweka kwenye jengo la wazee Stratford, chumba cha kona. Macho yalikuwa karibu yameisha. Koti la bluu lilining'inia mlangoni, vifungo vimefifia. Alikaa dirishani akisikiliza mabasi, na kwa mlio alijua dereva gani anakanyaga breki vibaya.

"Mwanamke wa sauti," akasema kabla sijasalimu. "Umepanda ngazi kwa hasira."

"Mshenga, nenda kwa Elia. Au mpigie. Mwambie lile neno lilikuwa la adabu tu, la siku ile. Atakusikiliza wewe."

"Posa haiendi kwa simu."

"Usinichezee. Nimezeeka. Goti nimewekewa la chuma. Mimi nani atanifungulia mlango?"

Basi likapita chini, akalisikiliza mpaka likakata kona.

"Mama Elia, yule mzee alinipa binti yake nikiwa na mkate mdomoni. Nimrudie leo, hawezi kuinuka, nimwambie nilikuwa natania?"

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza. Ningekuuliza ungekataa, na angekataa, na leo ungekuwa na mwana anayekula Jumapili kwako bila kukutazama usoni. Nililiona hilo palepale uani. Wewe hukuliona?"

Nililiona. Nilikuwa nimekwenda na maneno mengi, nikayakuta hayana pa kukaa. Nikainuka nitie maji kwenye birika, nikatengeneza chai, majani ya kutosha kila kikombe, na yeye akaionja akasema nimeharibu majani. Tukanywa. Hakuomba radhi na mimi sikusamehe. Nilipofunga mlango alikuwa ameshageukia dirisha. Alifariki kabla ya majira kubadilika, na kwenye maziko yake nilisimama na watu wengi nisiowajua, wawili wawili.

Leo nina nyumba ya vyumba vitatu Hounslow, imeisha kulipwa. Nina nyumba nyingine kwetu Muheza, ina umeme na kisima, haina mtu. Nina kampuni, na gari moja la kazi lenye jina langu ubavuni. Nina goti moja la chuma na moja la kwangu. Nina mafuta ya zeituni ya chupa, yanaletwa kila mwaka, sijamaliza ya mwaka jana. Nina wajukuu wawili wanaoelewa Kiswahili na kunijibu kwa lugha ya babu yao wa kule. Nina mwana mmoja. Yuko kisiwani, anafungua kanisa. Sikuibiwa. Nilimtoa.